Aratus: Aliikomboa Sicyon bila damu, kisha akamwita adui arudi

Ugiriki ya kale ikitajwa, wengi hukumbuka Athens na Sparta. Lakini Sicyon, mji mdogo uliojitawala jirani na Corinth, nao ulikuwa na mtu wake: Aratus.

Mwaka 264 KK, Abantidas alimuua kiongozi wa mji, Cleinias, akajitwalia madaraka. Mtoto wa marehemu, Aratus, alikuwa na miaka 7 tu. Kwenye vurugu zile akajikuta nyumbani kwa Soso, dada wa dikteta huyo huyo. Mama yule alimficha, usiku akamtorosha hadi Argos.

Huko Aratus alikua, akawa mwanamichezo hodari, na chuki yake kwa madikteta ikakua naye.

Mwaka 251 KK, akiwa na miaka 20, alirudi na wenzake wachache. Walipanda ukuta kwa ngazi usiku, huku mbwa wa mtunza bustani wakibweka. Dikteta wa wakati huo, Nicocles, alitoroka kupitia handaki. Hakufa mtu hata mmoja.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Zaidi ya watu 500 waliofukuzwa walirejea, wengine baada ya karibu miaka 50, wakakuta nyumba na mashamba yao yana wenyewe wapya. Damu ingeweza kumwagika. Aratus aliuingiza mji kwenye Umoja wa Akea ili upate ulinzi, kisha akasafiri hadi Misri kwa Mfalme Ptolemy wa Pili, aliyempa talanta 150. Fedha hizo zikatuliza ugomvi wa mali.

Mwaka 243 KK aliwatimua Wamakedonia kwenye ngome ya Corinth. Umoja ulimchagua kuwa jemadari mara 17.

Ndipo Mfalme Cleomenes wa Sparta akaanza kuteka miji ya umoja mmoja baada ya mwingine. Maji yalipofika shingoni, Aratus akawaita Wamakedonia wale wale. Bei yao? Ngome ile ile. Cleomenes alishindwa mwaka 222 KK, ila Wamakedonia hawakuondoka.

Aratus alifariki mwaka 213 KK, akiamini kuwa Mfalme Philip wa Tano wa Makedonia, ambaye Aratus aliwahi kuwa mshauri wake, ndiye aliyemtilia sumu.

Sheria ya Sicyon ilikataza kuzika ndani ya kuta. Kwa Aratus, wenyeji waliiweka kando, na kila mwaka wakawa wanatoa sadaka siku aliyoukomboa mji.