MAISHA YA CONRAD SCHLUMBERGER, MTU ALIYEIPIMA ARDHI KWA UMEME

Tumezoea kusoma habari za washairi, mashujaa na viongozi waliotutangulia. Mara hii nimeonelea nimlete mtu wa sayansi, Conrad Schlumberger, Mfaransa aliyefariki mwaka 1936. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya kampuni kubwa ya mafuta iliyolibeba kwa miaka mingi, hadi ilipojifupisha na kujiita SLB mwaka 2022. Lakini sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tuna sababu nyengine ya kumjua, nayo ni maji.

Kila mmoja wetu ajua taabu ya maji upande huu wa bara. Maji ya mfereji yatoka mbali: yako ya Mzima, ambayo bomba lake lilikamilika mwaka 1957, yako ya Marere katika milima ya Shimba, ya Baricho kando ya mto Sabaki, na ya visima vya Tiwi ambavyo ndivyo tegemeo la Likoni. Mfereji ukikauka, ni mitungi na mikokoteni. Basi mwenye uwezo huamua kuchimba kisima chake. Mafundi hupasua matumbawe siku nyingi, pesa zikaisha, na maji yakipatikana yakaonjwa, kumbe ni ya chumvi! Jirani yake, hatua mia mbili kutoka hapo, anateka maji matamu. Je, hakuna njia ya kujua kabla ya kuchimba? Ipo, na aliyeifungua ni huyu bwana.

KUZALIWA NA MASOMO

Conrad alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1878 katika mji wa Guebwiller, jimbo la Alsace. Jimbo hilo lilikuwa la Ufaransa, lakini Wajerumani walilitwaa baada ya vita vya mwaka 1870 na 1871. Kwa hivyo alizaliwa katika nyumba ya Kifaransa chini ya bendera ya Kijerumani. Babake, Paul, alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo. Mamake, Marguerite, baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura huko Ufaransa. Kakake, Jean, akawa mwandishi mashuhuri. Mdogo wake, Marcel, aliyezaliwa mwaka 1884, akasomea uhandisi, na huyu ndiye tutakayemuona tena mbele.

Conrad alipelekwa Paris kusoma. Mwaka 1898 aliingia chuo cha Polytechnique, ambacho hakiingiwi ila na vijana hodari wa hesabu, kisha akasomea mambo ya madini. Mwaka 1907, kabla hajatimiza miaka 30, alikuwa tayari ni mwalimu wa fizikia katika Chuo cha Madini cha Paris.

HODHI LA MCHANGA

Siku hizo mtu akitaka kujua kilicho chini ya ardhi alikuwa na njia moja ya uhakika, kuchimba. Ni kazi ya gharama, na mara nyingi shimo hutoka tupu. Conrad alijiuliza kama umeme waweza kufanya kazi ya jembe. Alijua kwamba vitu havilingani katika kupitisha umeme. Shaba huupitisha upesi, mwamba mkavu huuzuia. Uzuiaji huo ndio tunaouita ukinzani katika somo la fizikia.

Alianza kwa jambo dogo. Alichukua hodhi la kuogea, akalijaza mchanga, akafukia vitu ndani yake na kupitisha mkondo wa umeme. Kisha akapima volteji hapa na pale juu ya mchanga. Palipokuwa hapana kitu, vipimo vilikwenda kwa taratibu. Palipofukiwa kitu, vipimo vilipinda.

Lakini hodhi si shamba. Mwaka 1912 alitoka nje, akaenda Val-Richer, nyumba ya ukoo wa mamake huko Normandy, akachomeka vigingi vya chuma ardhini na kuchora ramani yake ya kwanza ya namna umeme unavyosambaa chini ya malisho ya kweli. Mwaka uliofuata, 1913, vipimo vyake vya umeme vilisaidia kugundua shaba huko Bor, nchi ya Serbia.

VITA NA AHADI YA BABA

Hapo kazi ikakatika. Mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vilianza, na Conrad akaingia jeshini katika kikosi cha mizinga. Alirudi salama mwaka 1918, lakini akiwa mtu anayechukia vita.

Mzee Paul alikuwa amewatazama wanawe na kuona kwamba jambo lao lina maana. Mwaka 1919 aliandikiana mkataba na Conrad na Marcel, akikubali kuwapa hadi faranga 500,000 za utafiti. Sharti lake ni la kushangaza kwa mtu wa biashara: elimu itangulie mbele ya faida. Ndugu wawili wakagawana kazi. Conrad alikuwa mwenye mawazo na mahesabu, Marcel akawa fundi wa vyombo na msimamizi wa shughuli. Mwaka 1920 Conrad alitoa kitabu akieleza njia yake yote.

Msifikiri mambo yalinyooka mara moja. Wenye migodi walikuwa na shaka, na wateja walikuwa wachache. Faraja ilikuja mwaka 1923 nchini Romania, pale vipimo vyao vilipoonyesha umbo la mlima wa chumvi uliofichika chini ya ardhi mahali paitwapo Aricești, penye mafuta. Mwaka 1926 wakaunda kampuni yao.

Siku kubwa kuliko zote ni tarehe 5 Septemba 1927. Huko Pechelbronn, katika jimbo lile lile la Alsace alikozaliwa, ambalo sasa lilikuwa limerudi Ufaransa, vyombo viliteremshwa ndani ya kisima cha mafuta. Aliyeongoza kazi alikuwa Henri Doll, mume wa Anne, binti wa Conrad. Walisimamisha chombo kila baada ya mita moja, wakasoma kipimo na kukiandika kwa mkono. Wakapata mchoro wa kwanza duniani wa matabaka ya kisima uliochorwa kwa umeme. Baada ya hapo wachimba mafuta wa Venezuela, Marekani na Umoja wa Kisovieti wote waliwahitaji.

VIGINGI VINNE

Sasa hebu tuitazame njia yenyewe, kwani hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuielewa. Hupigwa vigingi vinne vya chuma katika mstari mmoja. Viwili vya nje huunganishwa na betri ili mkondo upite ardhini. Viwili vya kati, vilivyo karibu karibu, hupima volteji. Ukigawanya volteji kwa mkondo, kisha ukahesabu na masafa ya vigingi, wapata ukinzani wa ardhi katika om-mita.

Ujanja wake ni huu: vigingi vya nje vikisogezwa mbali zaidi, umeme huzama chini zaidi. Kwa hivyo mpimaji husogeza nje, akapima, akasogeza tena, akapima. Mwisho wake ana mchoro unaoonyesha ukinzani ukibadilika kutoka juu kwenda chini, na hajachimba hata shimo moja. Mpango huu wa vigingi waitwa kwa jina la Schlumberger hadi leo. Mmarekani Frank Wenner naye alitoa mpango wake miaka hiyo hiyo ya vita, akiviweka vigingi kwa masafa sawa.

Yeye Conrad alitafuta madini na mafuta. Lakini angalieni jinsi njia hii inavyofaa pwani yetu. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme sana, hata ukinzani wake hushuka hadi karibu om-mita 0.2. Matumbawe yaliyolowa maji matamu huwa na makumi au hata mamia ya om-mita. Matumbawe makavu yaweza kupita 1,000. Basi ukipima Kisauni au Likoni, mchoro huanza juu na kipimo kikubwa cha matumbawe makavu, hushuka kiasi unapofika kwenye maji matamu, kisha huporomoka ghafula. Hapo ujue umefika kwenye maji ya bahari.

Ndiyo, maji ya bahari yako chini ya nyumba zetu! Maji ya mvua yanayopenya ardhini ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu yake. Mholanzi Badon Ghijben mwaka 1889 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901 walionyesha kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake mna kama mita 40 za maji matamu. Jambo hili lafurahisha, na pia latisha. Pampu ikiteremsha maji kwa mita 1 tu, chumvi yaweza kupanda hadi mita 40. Ndiyo sababu kisima chaweza kuanza kitamu na kuharibika baada ya miaka michache. Wachimbaji wengi hudhani dawa ni kuchimba zaidi, kumbe kila wakiteremka ndivyo wanavyoikaribia chumvi.

Njia hii ina mtego wake. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri. Changamwe haiko juu ya matumbawe kama Kisauni. Iko juu ya mawe ya tope la kale sana, yenye mfinyanzi mwingi. Kipimo kidogo cha Kisauni chaweza kuwa ni chumvi, na kipimo hicho hicho cha Changamwe kikawa ni mfinyanzi tu. Kwa hivyo mpimaji mwenye akili huanza kwa kujua mawe ya mahali, huonja maji ya visima vilivyopo, ndipo akaamini mashine.

MWAMBA WETU WA BAHARINI

Mvuvi yeyote wa kwetu ajua kwamba maji yakipwa, mahali fulani ufuoni hutokeza chemchemi za maji matamu. Yatoka bara, yakipita katika mianya ya matumbawe. Mpimaji akitandaza waya ufuoni wakati huo, mchanga uliolowa maji ya bahari humpa kipimo kidogo mno, na panapovuja maji matamu kipimo hupanda.

Hili lahusu mwamba na samaki wetu. Upande wa bara vyoo vya shimo na visima viko pamoja uwani, na matumbawe yana matundu kama chujio bovu. Uchafu unaoshuka humo huingia kisimani, na mwengine hufuata maji hadi baharini. Huko hurutubisha mwani, mwani ukaota juu ya matumbawe hai na kuyasonga. Kwa hivyo anayejua maji ya ardhini yanatokea wapi ufuoni ajua pia ni wapi pa kulinda kwanza.

KUFARIKI KWAKE

Conrad hakupata uzee. Tarehe 9 Mei 1936, akirejea kutoka Umoja wa Kisovieti, moyo ulisimama akiwa Stockholm, nchi ya Sweden. Alikuwa na umri wa miaka 57. Marcel aliendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 1953.

Wanafunzi wenzangu, vifaa alivyoanza navyo bwana huyu havikuwa vya ajabu: hodhi, mchanga, waya na kipimo cha volteji. Vingi kati ya hivyo vimo katika maabara za shule. Ardhi yetu hapa ina maswali ambayo bado yangoja majibu, tena ni maswali ya kila siku: wapi pachimbwe kisima, kiwe cha kina gani, pampu ivute kiasi gani, na choo kiwe umbali gani. Atakayeyajibu si lazima atoke Paris. Aweza kuwa ameketi katika darasa letu, akilalamika kwamba somo la umeme ni gumu na halina faida. Avumilie. Mwenye kuuliza hakosi njia, na Conrad aliiuliza ardhi yenyewe.