Daktari Trowell na Maradhi Yasiyokuwapo

Mwalimu aitapo majina darasani, humtafuta pia asiyeitika. Ndivyo alivyofanya Daktari Hugh Carey Trowell katika hospitali za Afrika Mashariki: aliyachunguza maradhi aliyoyaona, kisha akajiuliza kwa nini mengine hayakuonekana.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alifika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni, pamoja na mkewe Margaret, ambaye baadaye aliasisi chuo cha sanaa cha Makerere. Mwaka 1935 walihamia Uganda, naye akatibu Mulago na kufundisha Makerere kwa zaidi ya miaka 20.

Kwanza alishughulika na watoto waliovimba miguu, nywele zikapauka na ngozi ikabambuka. Alidhani ni pelagra, yaani upungufu wa vitamini, akaandika hivyo mwaka 1937. Alikosea. Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi katika nchi iitwayo Ghana leo, alikwisha kuutaja ugonjwa huo mwaka 1935 kwa jina la lugha ya Ga: kwashiorkor, maradhi yampatayo mtoto mdogo wake anapozaliwa. Sisi wanaisimu hatuna budi kuliheshimu neno hilo, kwani ndani yake wenyeji walikwisha kutaja chanzo: mtoto aliyeachishwa ziwa. Trowell aliliacha jina lake akalikubali lao, na mwaka 1954, pamoja na Davies na Dean, akatoa kitabu chenye jina hilo. Kwa Kiswahili ndio unyafuzi, nao hudhoofisha kinga ya mwili hata surua ikamuua mtoto ambaye angepona.

Upande wa pili ulikuwa moyo. Mwaka uleule wa 1929, Daktari Donnison alichapisha vipimo vya watu 1,000 wa Kavirondo Kusini. Presha ya juu haikuonekana. Trowell naye hakuona miongoni mwa wagonjwa wake Waafrika kuziba kwa mishipa ya moyo kulikowaua Wazungu wengi. Mwaka 1956, yeye na Singh walipompata mgonjwa mmoja wa namna hiyo, habari yake ilistahili makala katika jarida la kitabibu.

Aliporudi kwao akawa kasisi, lakini swali halikumtoka. Pamoja na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, alidai kwamba nafaka isiyokobolewa, kunde na mboga zina nyuzinyuzi zinazoulinda moyo. Aliandika hayo mwaka 1972, na mwaka 1975 wawili hao wakahariri kitabu. Trowell alifariki mwaka 1989.

Hoja yake haikukamilika. Wagonjwa wake wengi hawakufikia uzee, na chumvi, tumbaku na ukosefu wa mazoezi pia vina sehemu yake. Ila aliona sawa kwamba ngozi nyeusi si ngao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba Wajaluo waliohamia Nairobi walipanda presha katika muda mfupi. Leo twajua pia kwamba chembe za kinga hushiriki katika kuharibu mishipa ya moyo. Mwaka 2017, jaribio la wagonjwa zaidi ya 10,000 lilithibitisha kuwa dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani hupunguza mashambulio ya moyo. Nazo nyuzinyuzi, zikimeng'enywa na bakteria wa matumbo, hutoa asidi zinazosaidia kuituliza kinga hiyo. Kinga na moyo, kumbe, hukutana katika sahani moja.

Haya yanatuhusu sisi wa Jego. Tusidanganyike kwamba chungu cha zamani kilikuwa na kila kheri. Utapiamlo wa watoto nao si hadithi ya kigeni. Lakini kumpa mtoto mandazi ya unga mweupe na soda kila siku, kunde na mchicha vikidharauliwa kama chakula cha kimaskini, ni kutoka shimo moja na kuingia jingine.

Walimu, wapeni wanafunzi kazi hii: wakawaulize wazee ni maradhi gani waliyoyajua utotoni, na kwa majina gani. Presha ni neno la kukopa. Hilo pekee si ushahidi, maana ugonjwa waweza kuwapo kabla ya jina lake. Hata hivyo ni swali, na Trowell alitufunza kwamba kosa si kukosea jibu, bali kuling'ang'ania.