Munzihirwa, mchungaji aliyebaki Bukavu

Kati ya Cyangugu na Bukavu kuna mto Rusizi na daraja lake. Katikati ya mwaka 1994, maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda walilivuka wakiikimbia nchi yao baada ya mauaji ya kimbari. Ng'ambo walimkuta Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuti.

Alizaliwa mwaka 1926 katika eneo la Walungu, Kivu Kusini, akapewa upadri mwaka 1958. Mwaka 1971, Rais Mobutu alipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu walioandamana, padri huyo aliomba naye aandikishwe, asiwaache peke yao.

Huko Bukavu pia hakuwaacha watu. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wauaji na wasio na hatia. Alidai haki itendeke, lakini akakataa umma mzima uhukumiwe kwa sababu ya kabila. Aliandika barua za wazi kuuomba ulimwengu uzuie vita. Hakusikilizwa.

Oktoba 1996 vita vikaufikia mji. Wanajeshi wa Zaire walikimbia, yeye akabaki, akiwahimiza waumini wasikate tamaa. Jioni ya Oktoba 29 aliuawa na askari mtaani Nyawera, na mwili wake ukalala barabarani hadi kesho yake.

Amezikwa penye kanisa kuu la Bukavu. Vita havikukoma kwa kifo chake. Hata hivyo, waumini wanaomkumbuka hupata tumaini kwa mchungaji ambaye hakulikimbia kundi mbwa mwitu alipokuja.