Léonard Mpoyi, karani aliyesimama na wenzake

Sisi wa Mitwaba tukipita katika kambi za zamani za Union Minière hapa Lubumbashi, tunaona nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari. Tangu miaka ya 1920 kampuni iliwakalisha humo wafanyakazi na wake na watoto wao, ikiwapa na posho. Lakini aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba. Kwa hiyo wengi walinyamaza.

Léonard Mpoyi alikuwa karani wa kampuni. Alijua kusoma na kuandika. Angeweza naye kunyamaza. Wakati wa vita kuu ya pili bei za vitu zilipanda, na shaba ilidaiwa zaidi. Mwaka 1941 wafanyakazi Wazungu walidai nyongeza ya mshahara, na Weusi wakadai yao. Mwezi wa Desemba waligoma, Mpoyi akiwa msemaji wao. Tarehe 9 walikusanyika katika kiwanja cha mpira. Waliagizwa warudi kazini, wakakataa. Askari wakapiga risasi. Mpoyi alikufa, pamoja na makumi ya wenzake.

Makanisani mara nyingi tumemwita mwenye kudai mwasi. Lakini katika Kutoka 5 wasimamizi wa Israeli walimlilia Farao kwa ajili ya wafanya matofali, na Mungu hakuwahesabia uasi.

Tukizitunza nyumba hizo, tulitunze na jina la Mpoyi. Na kijana akitujia na dai lake, tumsikilize kwanza, ndipo tumshauri.