Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa

Kila tarehe 9 Desemba tunawavalisha watoto kanga na kuwasimulia habari za mwaka 1961, nao wanadhani nchi yetu ilianza mwaka huo. Safari hii tumeona tuwarudishe nyuma, mpaka Kilwa Kisiwani.

Hasan bin Sulaiman alizaliwa katika ukoo wa Mahdali uliotawala Kilwa. Akiwa bado kijana mdogo aliondoka kwenda kuhiji, na njiani akakaa Aden miaka miwili akisoma dini. Sisi tuliokuja huku kutafuta shahada tunaijua miaka ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba yeye nyumbani alishikiwa kiti cha enzi na ndugu yake Daud, naye Daud alipomwona amerudi akampisha bila vita.

Alitawala wakati dhahabu ya Sofala ikipitia Kilwa. Alipigisha sarafu za shaba zenye jina lake, na moja imeokotwa mbali kabisa, Great Zimbabwe. Nje kidogo ya mji, juu ya mwamba unaotazama bahari, akajenga Husuni Kubwa: vyumba vipatavyo mia, vya mawe ya matumbawe na chokaa, ua mpana wenye vyumba vya bidhaa, ngazi za kushukia pwani, na bwawa la pembe nane. Watoto wakiona picha huuliza kwanza habari za bwawa. Basi waambiwe, ndiyo, babu zetu walikuwa na bwawa la kuogelea karne ya 14.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyu akila pamoja na mafakiri. Walimwita Abu al-Mawahib, kwa ukarimu wake. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu kwa tendo lile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo ndipo sisi wazazi tunapokwama. Mwanzoni tulitaka kuwasimulia watoto habari ya nguo tu, tuwaruke wale watu ishirini. Lakini darasani huku watoto wanafundishwa habari za utumwa, na wataulizana. Tukakubaliana kusimulia yote. Mkono uliotoa nguo ndio uliotoa watu, na watu hao majina yao hayakuandikwa popote.

Hasan alipofariki Daud alitawala tena, naye hakuwa mtoaji kama yeye. Husuni Kubwa haikuwahi kumalizika. Ilikaliwa muda mfupi tu, kisha ikaachwa kwa popo na mizizi. Anayekwenda likizo na avuke kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, awaonyeshe watoto. Bwawa bado lipo, kavu.