Nahodha wa Bomba Tatu: Maisha ya Max Looff

Sisi watoto wa Mvita tumeizoea mizinga hata hatuioni tena. Ukitoka Mji wa Kale ukaelekea Ngomeni, waipita tu kama uipitavyo miti ya barabarani. Na mgeni akikuuliza ni ya nani, jibu li tayari mdomoni: ya Wareno! Basi sivyo. Pale Fort Jesus ipo miwili ambayo Mreno hakuijua kabisa. Ni mirefu, ni ya chuma cha pua, na ngome ilikuwa imeshapita miaka mia tatu ilipoletwa. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Wa pili ulitoka katika manowari ya Kiingereza, Pegasus. Meli hizi mbili zilipigana hapo Unguja mwaka 1914, moja ikaizamisha nyingine, na leo mizinga yao iko ngome moja kama majirani.

Nani aliyewasha moto huo? Ni nahodha Max Looff, ambaye watu wa pwani walimjua kwa chombo chake kuliko kwa jina lake. Chombo hicho kilikuwa na mabomba matatu ya moshi, na Waswahili wakakiita manowari ya bomba tatu. Hebu tumfuate tangu mwanzo.

Looff alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Strasbourg. Wakati huo mji huo ulikuwa mikononi mwa Wajerumani, walioutwaa katika vita vyao na Wafaransa. Leo umo Ufaransa. Aliingia jeshi la majini akiwa kijana, akapanda cheo kwa cheo kama ilivyo desturi ya huko, na mwezi wa Aprili 1914 akakabidhiwa Königsberg. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi, mabaharia zaidi ya 300, na mizinga 10 yenye tundu la sentimita 10.5. Mwezi wa Juni ikatia nanga Dar es Salaam, na watu wakamiminika pwani kuitazama. Wakati huo bomba nyingi za moshi zilihesabiwa kuwa dalili ya nguvu, na bomba tatu si mchezo.

Vita Vikuu vilipokaribia, manowari tatu za Kiingereza zilikuja kumbana Looff asitoke. Usiku wa Julai 31 akapita katikati ya mvua na giza, akazitoroka. Siku chache baadaye, upande wa Omani, akaikamata meli ya shehena ya Kiingereza, City of Winchester, iliyosheheni chai. Kwa nahodha wa vita huo ulikuwa mwanzo mwema, lakini tatizo lake halikuwa adui pekee. Tatizo lilikuwa makaa ya mawe. Manowari ya siku zile ilikula makaa kama moto wa tanuri la chokaa, na Mwingereza alifanya kila njia asiyapate. Ndipo Looff akaingia kujificha katika delta ya mto Rufiji, kule kwenye mikoko, kule kunakotoka boriti za kujengea nyumba kama hizi zetu za Mji wa Kale.

Septemba 20, 1914, alfajiri, akatokeza mbele ya Unguja. Pegasus ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake, haiwezi kukimbia wala kugeuka. Looff akasimama mbali, yapata kilomita 8, akaanza kupiga. Sasa hapa pana jambo la kulitia akilini. Matundu ya mizinga ya meli hizi mbili yalikaribiana sana kwa upana, tofauti ya milimita tatu nne tu. Lakini mizinga ya Mjerumani ilikuwa ya kisasa zaidi na ilitupa mbali zaidi. Risasi za Pegasus zikawa zinaanguka majini, hazimfikii adui. Muda si muda meli ikawa gofu, na mabaharia wake zaidi ya 30 wakafa. Wengine walizikwa katika kile kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja.

Hapa Mombasa habari hiyo ilitia baridi. Bandari yetu ndiyo iliyokuwa mlango wa reli ya Uganda, askari na shehena zote zilipitia hapa. Wajerumani walikuwa wakipanda kutoka Vanga kuja Gazi kwa nchi kavu, na hofu ya watu ilikuwa kwamba bomba tatu naye atatokea upande wa bahari. Hakutokea. Mtambo wake mmoja ulivunjika baada tu ya vita vya Unguja, akarudi Rufiji. Vyuma vilivyovunjika vikachukuliwa na wapagazi hadi karakana ya Dar es Salaam, vikaundwa, vikarudishwa vichwani na mabegani. Vilipofika, Mwingereza alikuwa ameshaziba midomo ya mto.

Kilichofuata ni kuviziana kwa miezi minane. Looff alifunga matawi ya mikoko kwenye milingoti ili meli ifanane na msitu. Mwingereza alileta manowari, akaleta ndege zilizoruka kutoka Mafia, akazamisha meli nzima ya shehena ili kuziba njia mojawapo ya maji. Mizinga yake mikubwa haikufaa, kwa sababu meli zilizoibeba zilihitaji kina cha maji kuliko kile cha mto. Mwisho akaleta Severn na Mersey, vyombo viwili vya tumbo bapa vilivyoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, kila kimoja kina mizinga mizito ya inchi sita. Walijaribu Julai 6, 1915, wakapigwa wakarudi nyuma. Wakaja tena Julai 11, ndege ikiwaelekeza kutoka juu wapi risasi zinaanguka, na safari hii Königsberg ikashika moto. Looff mwenyewe alijeruhiwa. Aliamuru vile vipande vya chuma vifungavyo tako la mzinga vitupwe majini, kisha meli ilipuliwe kwa mikono ya wenyewe.

Msomaji wa haraka atadhani hadithi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza!

Meli ilikaa kwenye tope, mto si wa kina, na sehemu ya juu haikuzama yote. Wajerumani wakarudi. Wakapiga mbizi kuvitafuta vile vipande walivyovitupa wenyewe, wakavipata topeni. Wakaing'oa mizinga yote 10, mmoja mmoja. Mzinga mtupu, bila kiti chake, ulipata kama tani moja na nusu, na mtutu wake ulikuwa na urefu wa mita 4 na zaidi. Wakaipandisha juu ya mikokoteni ya kubuni tu, na mamia ya Waafrika wakafungwa kazi ya kuivuta kwa kamba kupita matope, mchanga na vichaka mpaka Dar es Salaam. Majina ya maafisa waliosimamia kazi hii utayakuta vitabuni. Jina la mvutaji hata mmoja mimi sijaliona, na nimetafuta. Hapo ndipo ninapokereka kila nisomapo sifa za ushujaa wa safari ile, maana aliyekaa juu ya farasi ameandikwa na aliyekuwa na kamba begani hakuandikwa.

Sasa ikabaki kazi ya mafundi. Mzinga wa meli si mzinga wa nchi kavu, ingawa vyote ni bomba la chuma. Mzinga ukipiga hurudi nyuma kwa teke kali, kama punda wa Lamu aliyechokozwa. Melini teke hilo huanza kupokewa na mitungi ya mafuta na springi, na kinachobaki humezwa na kiti kilichokazwa kwa bolti kwenye sitaha, kisha na chombo kizima. Meli ya tani elfu tatu na zaidi haijali. Lakini ukiutoa mzinga huo ukauweka uwanjani, nani apokee teke? Ukiuweka juu ya magurudumu mepesi, utaruka na kupinduka, na kuwaponda wapigaji wake wenyewe. Basi karakana ya reli ya Dar es Salaam ikaunda magari mapya ya chuma: magurudumu mapana yasizame mchangani, ekseli nene, na mkia mrefu mzito unaokita ardhini nyuma, ili ardhi ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na meli. Mizinga ikawa tayari kwa vita vya bara. Mwingereza naye hakulala. Aliitoa mizinga ya Pegasus majini Unguja, akaitia magurudumu vilevile. Watu wawili waliopigana baharini wakawa wanatafutana tena maporini.

Na kinyume chake je? Mzinga wa nchi kavu kuutia melini ni taabu nyingine. Mkia hauna pa kukita, magurudumu yanateleza juu ya sitaha, na chombo chenyewe kinayumba, kwa hiyo ulichokilenga sasa hivi si ulichokilenga kitambo kidogo baadaye. Huna budi kuyatoa magurudumu, uimarishe sitaha kwa mbao na vyuma kutoka chini, kisha ukaze mzinga juu yake. Mmoja katika mizinga ya Looff ulipitia pande zote mbili. Ulitoka baharini, ukavutwa bara, ukapakiwa garimoshi hadi Kigoma, kisha ukapandishwa katika meli Graf von Götzen, iliyoanza kazi katika ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka 1916 Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, aliuhitaji kwa vita vya bara, ukateremshwa tena. Ili adui asijue, mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao! Meli hiyo baadaye ilizamishwa na wenyewe, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Wazee waliosafiri Kigoma wanaijua vyema.

Turudi kwa nahodha wetu. Alipopona alikuwa baharia asiye na bahari. Aliwekwa mkuu wa ulinzi wa Dar es Salaam, na mabaharia wake wakagawanywa pamoja na mizinga. Mmoja walilazimika kuulipua wenyewe pale Kahe, chini ya Kilimanjaro, mwezi wa Machi 1916, wasiuache kwa adui. Mingine ilinguruma Kondoa Irangi. Looff na Lettow-Vorbeck hawakupikika chungu kimoja. Kila mmoja alijiona mkubwa, mmoja kwa desturi za majini, mwingine kwa desturi za bara, na nionavyo mimi kuna nyakati ugomvi huo uliwapotezea nguvu kuliko risasi za adui.

Dar es Salaam ilipotwaliwa mwezi wa Septemba 1916, Looff akapelekwa kusini. Huko alipata ushindi wake wa mwisho: Wareno waliokuwa wamevuka mto Ruvuma na kukamata Newala walifukuzwa mwezi wa Novemba, wakaacha silaha nyingi nyuma. Lakini mwaka uliofuata mambo yakaharibika. Chakula hakuna, dawa hakuna, mizinga ya Königsberg inapotea mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ukaharibiwa wakati wa vita vya Mahiwa, Oktoba 1917. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck aliamua kuvuka Ruvuma na wale tu wenye nguvu ya kutembea. Wagonjwa, majeruhi na waliochoka wakaachwa nyuma wajisalimishe, na Looff alikuwa miongoni mwao. Akawa mfungwa wa vita hadi vita vilipokwisha.

Upande wa Mwingereza nao, wanaume wa nchi yetu walikuwa wakiteketea kwa kubeba mizigo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara na malaria kuliko kwa bunduki. Jina la Kariakoo lilitokana na jeshi hilo la wapagazi. Sanamu yao na ya askari iko hapa hapa Mombasa, barabara ya Jomo Kenyatta, na matatu huizunguka mchana kutwa.

Looff alirudi Ujerumani, akaendelea na jeshi la majini kwa muda, akastaafu mwaka 1922 akiwa na cheo cha makamu wa admirali. Aliandika vitabu kuhusu safari za meli yake na vita vya porini. Wengi wa mabaharia aliotoka nao Kiel mwaka 1914 hawakurudi. Yeye mwenyewe aliishi maisha marefu, akaona vita vingine vikubwa kuliko vyake, na akafariki mwaka 1954, miaka 40 tangu asubuhi ile ya Unguja.

Meli yake ilibaki Rufiji ikizidi kuzama topeni, ikakatwakatwa vyuma. Katika mizinga 10, mitatu ndiyo iliyobaki. Mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja, na wa tatu ni huu wetu. Ukienda Ngomeni usitazame mtutu tu. Kumbuka pia kwamba ulivutwa kwa kamba kutoka Rufiji.