Harry Ferguson na gari inayojua potopoto yenyewe

Wote tunaopanda motokari za 4x4 kwenda kazini tunajua ule mkono mfupi kando ya vitesi. Shofere anaona potopoto, anauvuta, na magurudumu ya mbele nayo yanaanza kusukuma. Akisahau, tunateleza sisi wote tulio ndani. Kuna mtu mmoja aliyetaka gari ifanye ile kazi yenyewe, bila kungoja mkono wa shofere. Jina lake Harry Ferguson.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 huko Growell, kaskazini ya Ireland, mtoto wa mkulima. Shamba hakulipenda. Akaenda Belfast kutumika katika garaji ya kaka yake Joe, na tarehe 31 Desemba 1909 akarusha ndege aliyoiunda mwenyewe, wa kwanza kufanya hivyo Ireland. Lakini dunia inamjua zaidi kwa trakta. Njo yeye aliyeunganisha jembe na trakta kwa vyuma vitatu na nguvu ya mafuta, ili trakta isipinduke na kumwangukia mwendeshaji jembe likigonga jiwe.

Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kushikana mikono tu, hakuna karatasi. Sisi wa sendika tukifika hapo tunatikisa kichwa. Kisha mjukuu wa Ford akayavunja mapatano, Ferguson akaenda tribinali Marekani, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25, chini sana ya zile alizodai.

Tayari mwaka 1950 alikuwa ameanza kazi yake ya mwisho, pamoja na Freddie Dixon na Tony Rolt, watu wa mashindano ya magari. Shida yao ilikuwa hii. Gari ikikata kona, magurudumu ya mbele yanakwenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Ukiyafunga pamoja kwa chuma kimoja, kwenye potopoto ni sawa, lakini kwenye lami mipira inakwaruzika na meno ya giabox yanateseka. Ndiyo maana shofere wa zamani anapaswa kutoa ule mkono akifika lami.

Wao wakaweka diferensiali katikati ya gari. Inagawa nguvu ya motere mbele na nyuma saa zote, na inaacha tofauti ndogo ya mwendo, ile ya kona. Tofauti ikizidi, maana yake kuna magurudumu yanayozunguka bure. Hapo kifaa kinashika, na nguvu inakwenda kwa yale yanayoshika udongo. Shofere hagusi kitu.

Kompanyi kubwa za magari hazikununua. Ferguson akafa tarehe 25 Oktoba 1960, na hakuna gari moja ya namna hiyo iliyokuwa inauzwa. Mwaka uliofuata, gari yake ya mashindano, P99, ilishinda Oulton Park, Uingereza, njia ikiwa imelowa, Stirling Moss akiiendesha. Mwaka 1966 ikatoka Jensen FF ya kuuzwa. Zilitengenezwa 320 tu, juu bei yake ilikuwa kali.

Jensen ile ilikuwa pia na breki za Maxaret, zinazozuia gurudumu lisifungwe kabisa. Mashofere wetu washike hapo: magurudumu 4 yanayosukuma yanasaidia kuondoka na kupanda, lakini kwa kusimama hayaongezi kitu. Kwenye mteremko wenye mvua, gari ya 4x4 iliyojaa watu inateleza sawa ingine yote.

Watu wa Rolt waliendelea. Wakaleta sahani nyingi nyembamba zinazozunguka ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Sahani zikipitana mwendo, mafuta yanapata moto, na sahani zinashikana. Leo magari mengi yana kompyuta inayopima kila gurudumu na kubana sahani kwa haraka, lakini zile za silikoni zingali zinatembea kwetu, zilizonunuliwa okazyo. Mwenye nayo asifunge mipira miwili mipya mbele na miwili iliyokwisha nyuma. Mipira isiyo sawa inazunguka kwa mwendo tofauti hata kwenye njia iliyonyooka. Mafuta yanafikiri kuna utelezi, yanachemka siku nzima, na kile kifaa kinakufa kikiwa kimeshikana.